Samaki Anayetupwa Ni Riziki ya Nani?

Katika nyumba zetu mtoto hukanywa aachapo wali sahanini, kwa kuwa israfu ni jambo la aibu. Ipo israfu nyingine, kubwa mno, ambayo hatuioni kwa kuwa hutendeka baharini, nyuma ya meli zinazovua kamba.

Meli hizo hukokota wavu mpana juu ya sakafu ya bahari. Kwa kuwa kamba ni wadogo, tundu za wavu nazo hazina budi kuwa ndogo. Basi kila kilichomo njiani huzolewa pamoja nao: mkundaji, taa, papa wachanga, kaa, hata kasa. Katika bahari za joto, viumbe hao wasiokusudiwa aghalabu huwazidi kamba kwa uzito mara kadhaa. Wengi hufika sitahani wamekwisha kufa, na wasio na bei hutupwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2005, lilikadiria kuwa wavuvi duniani walitupa tani milioni 7.3 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya asilimia 27 ya hizo zilitokana na nyavu za kukokota kamba katika bahari za joto.

Katika pwani ya Kenya, mzozo huu unajulikana vyema Malindi na katika Ghuba ya Ungwana, inakoingia mito ya Sabaki na Tana. Maji hayo yenye rutuba ndiyo malezi ya kamba na ya samaki wachanga, na ndiko wavuvi wa mitumbwi watafutako riziki. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, yakiwemo ya nyavu kuraruliwa na meli, uvuvi huo ulisimamishwa mwaka 2006. Mpango wa kuusimamia ukaandaliwa mwaka 2010, na meli zikaruhusiwa tena mwaka 2011 kwa masharti, mojawapo likiwa kufungwa kwa msimu kuanzia Novemba hadi Machi.

Wapo wasemao kuwa, ikiwa tatizo ni kutupa, samaki hao na waletwe bandarini wauzwe rahisi ili maskini wale. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini ina kasoro. Samaki mchanga aliyeuzwa leo hatakua wala hatazaa. Bei ikishuka sokoni, anayeumia ni mvuvi wa mtumbwi, pamoja na mama karanga anayekaanga samaki ili alipe ada ya mwanawe. Na nahodha akishapata faida kwa samaki asiowakusudia, ataona sababu gani ya kuwaepuka? Kwa hiyo sheria iwe na lengo la kuwazuia wasinaswe, si kuwatafutia mnunuzi baada ya kufa.

Njia zipo. Kasa huvuta hewa, na akizuiliwa chini kwa muda mrefu huzama. Wavu ukifungwa kichanja cha vyuma kilicholazwa mshazari, kamba hupenya kati ya vyuma naye kasa huteleza hadi kwenye mlango wa kutokea. Marekani ilianza kuwalazimisha wavuvi wake kutumia kifaa hiki miaka ya 1980. Hata hivyo kichanja hicho hakimwokoi samaki mdogo, maana naye hupenya kama kamba. Yeye huhitaji dirisha la matundu mapana juu ya wavu, ambalo samaki mwenye nguvu za kuogelea hulitokea huku kamba akibaki. Papo hapo huhitaji meli zikae mbali na midomo ya mito, na msimu wa kufunga uheshimiwe.

Masharti haya yote hutegemea uangalizi. Kichanja kinaweza kufungwa bandarini mbele ya mkaguzi, kikafunguliwa baharini. Ndiyo maana ni haki ya vikundi vya usimamizi wa fukwe kudai waangalizi melini na kusomewa hadharani taarifa za mavuo, wakitajwa kamba na waliotupwa pia. Mvuvi wa Kipini asiulizwe maoni baada ya leseni kutolewa, aulizwe kabla. Faini, hata iwe nzito vipi, haimrudishi samaki aliyekwisha kufa wavuni.