Kidude cha Kumfatilia Mpenzi: Simu Sasa Inakuchongea, Ila Imechelewa Sana

Kuna mwanamitindo mmoja wa Marekani, wale ambao sura zao zinauza majarida. Januari 2022 alikuwa kwenye kiwanja kimoja New York, koti kalitundika kwenye kiti, watu kibao. Usiku anatembea kurudi kwake peke yake, simu ikamwandikia kwamba kuna kidude kisicho chake kinatembea naye. Kukagua koti, AirTag imechomekwa mfukoni. Aliyeiweka hakumuona, na mwenyewe akaenda kuwaeleza wafuasi wake Instagram ili wengine washtuke.

Watu walimpa pole kwa hofu aliyopata, lakini bahati yake wachache waliiona. Dada yule alikuwa anatumia iPhone. Angekuwa na Android usiku ule, simu yake isingesema chochote, angefika hadi mlangoni kwake na mtu anamtazama kwenye ramani.

Kwa wale ambao hawajakutana nacho, AirTag ni kidude cha duara kinachoenea kiganjani, kimetengenezwa kwa ajili ya funguo, begi na vitu vya kupotea potea. Hakina laini wala GPS. Kinachofanya ni kupiga kelele kwa Bluetooth, na iPhone yoyote inayopita karibu inaisikia ile kelele na kumtumia mwenye kidude mahali kilipo. Mwenye iPhone inayopita hajui kama simu yake imetumika. Yaani kidude kinaishi kwa bando la wapita njia!

Kiliingia sokoni Aprili 2021. Kampuni ilijua tangu mwanzo kwamba watu watakitumia vibaya, ndo maana iPhone ziliwekewa arifa. Wenye Android wakaambiwa wasubiri sauti: kidude kikikaa mbali na mwenye nacho siku tatu, kitalia. Siku tatu! Baada ya kelele za watu wakapunguza, ikawa kati ya masaa 8 na 24.

Sasa hapo ndo pana kazi. Huyo anayekufatilia wengi wanamfikiria ni mtu baki, jamaa la ajabu ajabu limejificha gizani. Wakati mara nyingi ni mtu mnayelala naye. Anakuwekea kidude kwenye kava la siti ya gari, mchana kutwa anakuona ulipo, jioni unarudi nyumbani kidude kinakutana na simu yake, hesabu inaanza upya. Masaa 24 hayatimii. Hakilii leo, hakilii kesho. Walioweka ule muda walimfikiria mwizi wa mabegi, mume mwenye wivu hakuwajia kichwani.

Na wivu una mambo yake. Juni 2022 huko Indianapolis, Marekani, mwanamke mmoja alimfatilia mpenzi wake hadi baa, akamkuta na mwanamke mwingine. Kwa mujibu wa polisi, alimwambia shahidi kwamba alimpata kwa AirTag. Nje ya baa jamaa akagongwa na gari, akafa. Usiku ukaisha hivyo. Desemba mwaka huohuo wanawake wawili wakaifungulia kampuni kesi California, wakilalamika kwamba watu waliowahi kuwa nao walitumia kidude hicho kuwafatilia.

Suluhisho la maana limekuja Mei 2024. Apple na Google, mahasimu wa siku zote, walikuwa wameshatangaza mwaka mmoja nyuma kwamba watakaa meza moja, na wakatoa kiwango cha pamoja cha vidude vya Bluetooth. Simu yoyote, iPhone yenye iOS 17.5 au Android kuanzia toleo la 6, ikiona kidude kisicho chako kinakufuata kwa muda, inakuambia, hata kama kidude ni cha kampuni nyingine. Ukibonyeza ile arifa unaweza kukilazimisha kilie ujue kiko wapi. Ukikisogeza nyuma ya simu unapata namba yake ya utambulisho, na AirTag inaweza kukuonyesha hadi tarakimu nne za mwisho za simu ya mwenyewe. Kwa mtu anayemjua mtesi wake, tarakimu nne zinatosha kabisa.

Ni kitu kizuri, hakuna ubishi. Ila kutoka Aprili 2021 hadi Mei 2024 ni miaka mitatu, na katikati hapo mwenye Android alipewa nini? Desemba 2021 alipewa programu ya kupakua mwenyewe, aifungue mwenyewe, atafute mwenyewe. Nani anatafuta kitu ambacho hajui kama kipo? Arifa ya kujitokeza yenyewe kwenye Android ilianza Julai 2023. Mwenye simu ya bei alilindwa siku ya kwanza, mwenye Tecno na Infinix akalindwa foleni ilipomfikia. Na kwenye mapenzi mengi ya mjini, mwenye iPhone ndo huyohuyo mwenye hela, mwenye gari na mwenye wivu.

Kwa Bongo ishu hii inazidi kusogea. Zamani kidude hakikuwa na meno sana kwa sababu iPhone za kukisikia si nyingi kivile. Lakini Aprili 2024 Google nao walianzisha mtandao wa namna hiyo kwa simu za Android, wakianzia Marekani na Canada. Na Android ndizo zimejaa kwenye daladala.

Halafu kuna mastaa wanaopenda kujisifu kwamba wanapeana nywila na lokesheni, eti ndo kuaminiana, na mashabiki chini wanamwaga makopa. Kupeana lokesheni WhatsApp ni hiari. Unachagua dakika 15, saa moja au masaa nane, na ukichoka unazima. Kidude kilichoshonewa kwenye begi hakina kitufe cha kuzima upande wako. Anayesema "kama huna cha kuficha unaogopa nini" aulizwe mbona yeye amekificha.

Arifa ikitokea, kabla ya kuchomoa betri, piga picha ya skrini na ya kidude chenyewe na namba yake. Ukikizima, aliyekiweka ataona kimenyamaza, na kama ni mtu wa mkono mwepesi hapo ndo hatari inapoanza. Mwenye hofu asirudi nyumbani kwanza, apitie polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto.

Bado kuna mianya. Kuna watu walishakamatwa mitandaoni wakiuza AirTag zilizotolewa spika. Simu za Huawei zisizo na huduma za Google hazipo kwenye mpango wa arifa za Android. Vile vifaa vya GPS vyenye laini, ambavyo watu wanafungia bodaboda na magari, kiwango hiki hakivigusi kabisa maana havitumii Bluetooth kujulikana vilipo. Na wale wanaozima Bluetooth kutwa nzima ili kuokoa chaji, simu zao hazitasikia kidude chochote.