A15 au Spark 20 Pro? Anza na Kitrei cha Laini

Kila muhula ukianza, swali linalotufikia kwenye safu hii ni lile lile. Majina ya simu tu ndiyo hubadilika. Safari hii wanaoshindana ni Samsung Galaxy A15 na Tecno Spark 20 Pro. Wenzetu wanaokaa Overport wamezunguka Overport City na Sparks Road, wakaingia duka hili na kutoka lile, na sasa wamerudi na karatasi zilizojaa namba wakitaka tuwaamulie. (Kuna anayeona kununua Spark kwenye barabara ya Sparks ni dalili njema. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina tangu 2008, ni Moses Kotane sasa, ingawa midomo ya watu bado haijahama.)

Simu zote mbili zilitangazwa mwishoni mwa 2023, kwa hiyo si mpya, na ndiyo maana zimeshuka hadi mfuko wa mwanafunzi ukazifikia. Bei hatuziandiki hapa kwa sababu hazikai wiki mbili bila kubadilika. Ila jueni kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2025 simu janja za randi 2,500 kushuka chini zimeondolewa ule ushuru wa anasa wa asilimia 9. Iliyopita mstari huo bado inaulipa, nawe ndiye unayeulipa.

Tuanze na jambo ambalo muuzaji hakuambii: ubongo wa simu hizi ni mmoja. Zote zinatumia prosesa ya Helio G99 ya MediaTek, kampuni ya Taiwan. Ina viini nane, viwili vikubwa vya kazi nzito na sita vidogo vya kazi za kawaida. Zote zina betri ya 5,000 mAh, tundu la spika za masikioni, na mtandao wa 4G. Kwa hiyo akitokea mtu wa kukuapia kwamba hii ina kasi maradufu ya ile, muulize kasi hiyo inatoka wapi. Tahadhari moja tu: A15 ziko mbili. Ipo ya 4G, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, na ipo ya 5G yenye prosesa nyingine, Dimensity 6100+. Masanduku yanafanana kama mapacha.

Sasa njoo kwenye namba zinazopiga kelele. Spark 20 Pro inatangazwa kuwa na RAM ya GB 16. Ukweli ni kwamba RAM yake ni GB 8, na nane nyingine inakopwa kwenye hifadhi, pale pale zinapokaa picha na nyimbo zako. Ni kama mwenye chumba kimoja kutandika mkeka ubarazani wageni wakizidi: watalala, lakini usiku wa mvua utajua kwamba baraza si chumba. Hifadhi ni polepole kuliko RAM halisi. Samsung nayo ina mchezo huo huo, inauita RAM Plus, ila haikuuandika kwa herufi kubwa kiasi hicho. Kwa upande wake A15 inauzwa ikiwa na RAM ya GB 4, 6 au 8, na hapo ndipo wengi wananaswa, maana wanaona jina A15 na bei nzuri, wanalipa, kumbe ni ile ya GB 4. Mtu mwenye WhatsApp, Zoom na faili tatu za PDF zimefunguliwa kwa pamoja ataijua tofauti kabla wiki haijaisha.

Namba ya pili yenye kelele ni kamera. Spark ina megapikseli 108, A15 ina 50. Mtu anafikiri picha ya Spark itakuwa bora mara mbili. Lakini katika matumizi ya kawaida simu hizi huunganisha vidoa vya kamera ili kupata mwanga wa kutosha: 108 huunganishwa tisa tisa, 50 huunganishwa vinne vinne. Gawanya mwenyewe. Ya kwanza inakupa picha ya megapikseli 12, ya pili 12 na nusu. Kinachobaki ni programu ya kuipika picha, na hapo Tecno ina sifa yake ya haki. Kampuni mama yake, Transsion ya Shenzhen, ilijijengea soko Afrika kwa mambo mawili: simu za laini mbili, na kamera zilizorekebishwa zitoe ngozi nyeusi jinsi ilivyo, badala ya kumgeuza mtu kivuli chenye meno. Kamera yake ya mbele ni megapikseli 32 dhidi ya 13 za A15, na kwa simu za video na nyumbani utaifurahia. A15 inajibu kwa kamera ya pembe pana, ambayo Spark haina. Ukitaka kuingiza darasa zima kwenye picha moja bila kurudi nyuma hadi ukutani, utaitafuta hiyo.

Skrini hatutazikalia sana. Ya Spark ni kubwa, inchi 6.78, na hujichora upya mara 120 kwa sekunde. Ya A15 ni inchi 6.5 na mara 90. Lakini ya A15 ni AMOLED, yaani kila kidoa kinajiwakia chenyewe na penye weusi kinazimika, wakati ya Spark ni LCD, ambayo taa yake ya nyuma huwaka muda wote. Anayesoma usiku kwa mandhari nyeusi atatunza chaji kwenye A15. Anayeangalia mpira atapenda ukubwa wa Spark. Basi.

Tunachotaka kukikalia ni kidude ambacho hakiandikwi juu ya sanduku: kitrei cha laini. Kwenye Spark 20 Pro kina nafasi tatu, laini mbili na kadi ya kumbukumbu, kila moja mahali pake. Kwenye A15 zipo mbili tu, na ile ya pili ni ya kugombaniwa, ama uweke laini ya pili au uweke kadi.

Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Durban hilo si neno. Kwa wengi wetu ni neno zito. Mtu wa kwetu anayesoma hapa ana laini ya Afrika Kusini, na ana laini ya nyumbani ambayo haitoki kwenye simu hata kwa dawa. Kwenye laini hiyo ndimo inamoingia meseji ya namba ya siri ya benki. Humo ndimo mnamopigwa *150*00# kumtumia mdogo wako nauli. Mchango wa harusi unapita humo, na rambirambi pia. Namba hiyo ndiyo mama anayoijua kwa kichwa. Ukiichomoa ili upate pa kuweka kadi ya kumbukumbu, umejifungia mlango wa nyumbani kwa ajili ya picha. Tumeona wenzetu wanaoichomoa na kuirudisha kila Jumapili, laini wameifunga kwa karatasi ndani ya kava ya simu. Kilaini kile ni kidogo kuliko ukucha. Kikidondoka bwenini, kukipata kingine kutoka Durban ni safari, maana Tanzania laini inasajiliwa kwa alama ya kidole, na kidole chako uko nacho huku.

Mtu atauliza, kwa nini tusifanye mambo ya hela kwa simu hapa hapa kama nyumbani? Vodacom ya Afrika Kusini ililijaribu hilo. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, Tanzania 2008, na hapa 2010. Hapa haikushika, na tarehe 30 Juni 2016 ikafungwa. Watu wa huku wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, na benki zikahamia kwenye simu zikiwa na programu zao. Ndiyo maana simu ya mwanafunzi wa kwetu aliye Overport inabeba mifumo miwili ya fedha kwa wakati mmoja. Wa nyumbani unataka laini tu, hata kitochi kinautosha. Wa hapa unataka programu ya benki, na programu ya benki inataka Android isiyo ya kizamani.

Hapo A15 inanyanyua kichwa. Ilitoka kiwandani na Android 14, na Samsung iliahidi kuipandisha toleo mara nne na kuipa masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Hesabu kutoka Desemba 2023, unafika mwishoni mwa 2028. Aliyeanza digrii ya miaka minne mwaka 2025 atamaliza masomo simu yake ikiwa bado inalindwa. Spark 20 Pro ilitoka na Android 13, ilhali Android 14 ilikuwa imeshatolewa tangu Oktoba 2023. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji masasisho ya usalama yataendelea hadi lini, na usikubali jibu la kuinua mabega.

Hatusemi hivyo kwa kuionea Tecno. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wa kampuni ya Upstream walitangaza kuwa wamekuta programu hasidi imeshapachikwa ndani ya simu za bei nafuu za Tecno W2, zikiwemo zilizouzwa Afrika Kusini. Programu hiyo ilikuwa ikijiunga na huduma za kulipia na kula salio la mwenye simu kimyakimya. Transsion ilijibu kwamba ilipenyezwa na mmoja wa wasambazaji katika mnyororo wa utengenezaji, na kwamba imeshatoa dawa yake. W2 si Spark 20 Pro, tusichanganye. Lakini dawa ya namna hiyo hufika kwenye simu kwa njia moja tu, nayo ni sasisho. Simu isiyosasishwa haifikiwi.

Kuhusu chaji, Spark inapokea wati 33 na A15 wati 25. Mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokuwa mbaya kuliko miaka yote, tofauti hiyo ilikuwa na maana: umeme umerudi, una saa chache, kila mtu chumbani anagombea soketi. Tangu Machi 2024 mgao umepungua sana, na hoja hiyo nayo imepoa. Iliyobaki ni kwamba sanduku la Tecno huja na chaja ndani, wakati Samsung katika masoko mengi hukupa waya peke yake. Fungua sanduku dukani uone, kisha ongeza bei ya chaja kwenye hesabu yako kabla hujasema ipi ni rahisi.

Basi sisi tunaamuaje? Kwa mwanafunzi wa laini mbili aliye na miaka mitatu au minne mbele yake, tunachagua A15 yenye RAM ya GB 6 au 8 na hifadhi ya GB 256, kisha kadi ya kumbukumbu aisahau kabisa. Laini zote mbili zikae. Kama mfuko unaishia kwenye ile ya GB 128 na ana kompyuta, bado tunasema A15, picha azihamishie huko kila mwezi. Kama hana kompyuta, na picha na mihadhara iliyorekodiwa vyote vinaishi kwenye simu, hapo tunageuka: Spark ina GB 256 na nafasi ya kadi juu yake, na programu ya benki aitumie kwa uangalifu, asiweke kitu chochote kisichotoka Play Store. Mmoja wetu anapinga mpangilio huu wote. Anasema mwanafunzi asiye na kompyuta hapaswi kununua simu ya bei hii, akusanye kwanza pesa za kompyuta. Ana hoja, ila hajawahi kuishi wiki bila WhatsApp.

Na kama simu ni ya kumpelekea mama Tanga au Kisumu, hatuna ubishi: Spark. Skrini kubwa, chaja imo ndani, kamera ya mbele nzuri ya kuwaona wajukuu, na hela zake zinapita kwenye laini, hazipiti kwenye programu ya benki.

Iwe ni ipi, siku ya kununua fanya hivi. Kwa A15, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uangalie namba ya modeli: SM-A155F ni ya 4G, na ikianza na SM-A156 ni ya 5G. Hapo hapo soma RAM halisi. Vuta kitrei cha laini uhesabu nafasi kwa macho yako. Uliza kama ina NFC, maana zote mbili zinauzwa zenye nayo na zisizo nayo kutegemea soko, na bila NFC hutalipa kwa kugusisha simu dukani. Kisha piga *#06# ulinganishe IMEI na za kwenye sanduku. Ikiwa inakwenda Tanzania, itume IMEI hiyo kwa meseji kwenda 15090, mamlaka ya mawasiliano itakujibu kama simu ni halali. Simu bandia zilizimwa kule usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na mtu aliyebeba zawadi ya namna hiyo kutoka Durban hadi Tanga hatapata wa kumrudishia. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Zote ziandikwe kwenye risiti.