Kiki ya Futari Imepita, Sasa Tuongee Nani Anapanga Bei ya Tungule

Haya wadau, vumbi limetua, tuongee sasa.

Mliokuwa mtandaoni Ramadhani iliyopita ile vita mnaijua. Kaka yetu mmoja wa muziki (jina tunalo, halitoki) kajirekodi pale Darajani kashika tungule moja mkononi kama kashika dhahabu, analalamika bei. Klipu ikatembea kisiwa kizima. Siku ya pili dada yetu mmoja wa mjini, yule wa mabuibui ya bei mbaya, akamjibu kwa vitendo: mifuko ya futari, ndani mchele, sukari na tende, juu ya mfuko picha yake mwenyewe. Timu zikagawana. Watu wakatukanana, huyu ana roho nzuri, yule anatafuta kiki.

Mimi sina timu. Kaka kasema kweli, bei ilipanda. Dada kafanya la kheri, kuna nyumba zilifuturu kwa ule mfuko, Mungu amlipe. Lakini katika kelele zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza: hii bei inapangwa lini, na kwenye hicho kikao anakaa nani?

Maoni yangu ni haya: bei ya tungule ya Ramadhani inapangwa miezi mitatu kabla, na kikao chenyewe sisi vijana hatuendi.

Fuata hesabu. Tungule kutoka mbegu mpaka kikapuni ni kama miezi mitatu. Kwa hiyo ile unayoitaka mwezi mosi Ramadhani, mkulima wa Bambi au Bumbwisudi inabidi awe kashatia mbegu Mfunguo Tisa ukiandama. Ukipita hapo hakuna video itakayoivisha tungule. Kinachobaki ni kusubiri mzigo kutoka bara, pamoja na vitunguu na mbatata, na mchele ndo usiseme, wa Mbeya unavuka bahari na mapembe yanatoka mbali zaidi. Bahari ikichafuka au nauli ya mzigo ikipanda, anaelipa ni bi mkubwa wako pale Mwanakwerekwe.

Na kuna hili ambalo watu hawalifikirii. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya ofisini. Miaka hii inaangukia mwezi wa pili na wa tatu, huko mbele itaingia kwenye mvua za vuli, na tungule na mvua nyingi haziivi chungu kimoja. Mkulima hawezi kukariri tarehe ya mwaka jana. Na akibahatisha peke yake, ama wanalima wote kwa pamoja bei inakufa analia yeye, ama hakuna aliyelima tunalia sisi.

Juu ya hapo weka hoteli. Mwaka 2023 Zanzibar iliingiza watalii zaidi ya laki 6, na wote wanakula. Hoteli ya Nungwi au Paje haitaki tungule za kubahatisha, inataka kilo zile zile, kila siku, za saizi moja. Mkulima mdogo peke yake haiwezi hiyo biashara, basi hata hoteli inaagiza bara. Tumekaa kwenye kisiwa chenye mnunuzi mkubwa na mkulima hodari, na wawili hawa hawajuani.

Nani awakutanishe? Hapa ndo pa kushangaza. Zanzibar ina Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe, namba 5 ya mwaka 2011. Inasema chakula ni haki, si hisani. Na haikuishia kwenye baraza la wakubwa huko juu, imeshuka mpaka wilayani, na kutoka wilayani mpaka kwenye shehia kuna kamati ya chakula na lishe. Shehia! Hapo kwa sheha unapoenda kuchukua barua ya utambulisho. Kuna mtu humu anasoma, toka amalize skuli hajawahi kulisikia hili jambo, na juzi kaandika komenti arubaini kuhusu mfuko wa futari.

Najua mtakachosema. "Hivyo vikao vya wazee." "Posho tu hizo." "Huko siasa." Sikatai, vikao vya kunywa soda na kusaini karatasi vipo. Lakini msiniambie watu wa kawaida wakikaa pamoja hawawezi kuamua kuhusu chakula chao, kwa sababu hapa hapa Unguja wameshafanya.

Nenda Kusini, Kizimkazi. Kule kamati za wavuvi za shehia zimewahi kukubaliana kulifunga eneo la mwamba kwa pweza, miezi kama mitatu, hakuna kuchokoa. Pweza anakua haraka sana, ukimwacha hiyo miezi michache unamkuta kaongezeka uzito mara kadhaa. Siku ya kufungua, kwenye bamvua, kijiji kizima kiko mwambani. Ule pweza unaokula kwa kijiti Forodhani ukaposti na kijua kinazama, ujue kuna mahali watu wamekaa kikao ili uwepo.

Na msidhani ilikuwa rahisi. Wanawake wengi wanachokoa kwa miguu maji yakitoka, hawana boti ya kwenda mbali. Ukifunga mwamba, mwanamme anapanda mashua anaenda zake bahari nyengine, mama anabaki anautazama mwamba na watoto wanataka kula. Ndo maana suala la kwanza kwenye kikao kama kile si pweza, ni nani atabeba gharama ya kusubiri. Wanafunga kipande, si pwani nzima. Wanaweka walinzi, maana wa kuiba usiku hawakosekani. Wanagombana. Halafu wanakubaliana. Hiyo ndo kazi ya baraza la chakula, haina picha nzuri lakini inashibisha.

Miezi mitatu ya pweza, miezi mitatu ya tungule. Mmeona?

Kwa wale wanaoamini kitu mpaka kiwe cha nje: wapenda mpira mnaukumbuka mji wa Belo Horizonte, pale Brazil alipopigwa 7-1 na Ujerumani mwaka 2014. Mji ule ule, mwaka 1993, manispaa ilitangaza chakula ni haki ya mkaazi, ikaunda ofisi yake na baraza la kuishauri, raia wakiwemo. Wakulima wadogo wakapewa sehemu za kuuza mjini bila dalali. Ikafunguliwa migahawa ya manispaa ya bei nafuu, anakula mfanyakazi na anakula asiye na kazi. Uwanjani walipigwa, jikoni walitufunga.

Sisi tuanze na dogo. Kila mwaka, Mfunguo Nane haujaisha, kamati ya shehia ya mjini ikae na wenzao wa shehia za shamba. Waitwe wakulima, waitwe wenye meza Darajani na Mwanakwerekwe, aitwe na mnunuzi wa hoteli. Ajenda tatu tu: Ramadhani inaangukia lini, nani analima nini, na nani anaahidi kununua kiasi gani. Ya nne, kama muda upo: lile bonde linalokatwa viwanja vya nyumba, nani kasema lisilimwe tena? Maana bonde la mpunga likishajengwa msingi halirudi, na bei ya mchele hatutaipunguza kwa dua peke yake.

Na vijana tuwemo. Si kwa sababu tuna akili kuliko wazee, ila simu tunazo sisi. Bei ya leo ya Mwanakwerekwe ikimfikia mkulima wa Kibokwa kabla dalali hajafika, tayari kafaidika.

Kwa kaka wa tungule: klipu yako ilikuwa kali, ila ilichelewa miezi mitatu. Mwaka huu irekodi Mfunguo Tisa, simama shambani badala ya sokoni, uliza kamati ya shehia yako iko wapi. Kwa dada wa mifuko: endelea kutoa, sadaka haina msimu. Lakini mfuko mmoja unafuturisha nyumba moja siku chache. Hoteli zinazokulipa ukaziposti, ziulize mboga wananunua wapi. Wewe wakikujibu vibaya una wafuasi, mkulima hana.

Futari ya kupewa tunashukuru. Lakini sheria imesema haki, na haki haichapwi picha ya mtu juu yake.

Sasa zamu yenu. Kabla hamjanivamia, nataka komenti ya aina moja tu: taja shehia yako, sema kamati ya chakula ipo au haipo, na mara ya mwisho imekaa lini. Kama hujui, kesho pita kwa sheha uulize, halafu rudi hapa utuambie kakujibu nini.