Kabla ya Kulipia Kiwanja, Piga Hodi Shuleni

Wazazi wenzangu wa Dar es Salaam, hasa ninyi ambao kila Jumamosi mnakwenda kutazama viwanja Goba, Madale, Kibamba, Chanika, Mbagala na Kigamboni, nina ombi moja kwenu kabla hamjamtangulizia dalali hata shilingi. Nendeni kwanza kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kiwanja hicho. Nendeni siku ya kazi, saa za masomo, mkaione ikiwa na watoto ndani.

Najua maswali tunayouliza tukifika eneo jipya. Maji ya DAWASA yamefika? Umeme uko umbali wa nguzo ngapi? Barabara inapitika masika? Kiwanja kimepimwa na bikoni zipo, au ni karatasi ya serikali ya mtaa tu? Ni maswali ya maana yote, na waliowahi kuyapuuza wamelia. Lakini nguzo ya umeme utailipia baadaye, kisima utachimba, na barabara majirani huchangishana wakamwaga kifusi. Masomo ya mtoto hayasubiri hivyo. Sera ya elimu ya sasa imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na mtoto akianza darasa la kwanza na miaka sita, miaka hiyo huanza kuhesabika hata kama nyumba haijapigwa lipu. Familia nyingi huhamia kwenye nyumba yenye chumba kimoja kilichokamilika, mtoto mkubwa akiwa darasa la pili, na hapo ndipo baba anapomwuliza jirani, "Hivi huku shule iko wapi?"

Anayelipia kuchelewa kwa swali hilo ni mtoto. Yeye ndiye anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili basi la shule lizunguke mitaa mingine yote kabla ya kumfikisha darasani. Yeye ndiye anayesimama kituoni na nauli yake ya mwanafunzi, shilingi 200, akimtazama konda akipakia watu wazima kwanza. Jioni anafika nyumbani giza limeshaingia, anakula akisinzia, na daftari la hesabu linabaki kwenye begi. Mtoto wa miaka saba anayeishi hivyo hawezi kusoma vizuri, hata ukimlipia ada ya mamilioni. Usingizi na muda wa kucheza ni sehemu ya elimu yake, na vyote viwili vinategemea umbali kati ya mlango wa nyumba yenu na mlango wa darasa.

Tumefikaje hapa? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na kwa familia changa yenye kipato cha kawaida, ardhi inayonunulika iko pembezoni. Yapo maeneo yaliyopangwa kabla ya kujengwa. Mradi wa Viwanja na Huduma wa miaka ya 1970 ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Baadaye, kuanzia 2002, ukaja Mradi wa Viwanja 20,000 uliofika Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma. Ramani za namna hiyo hutenga ardhi ya shule, soko na viwanja vya michezo kabla mtu yeyote hajachimba msingi. Wengi wetu hatukununua huko. Tulinunua shamba la mtu, likakatwa vipande vya hatua ishirini kwa ishirini mpaka ukingoni mwa bonde, na hakuna aliyebakiza ardhi ya darasa hata moja. Leo kata yenye eneo hilo inatafuta eneo la kujenga shule, na wanaoombwa kuuza ni watu ambao tayari wameshaweka paa.

Basi ukifika shuleni, usiishie kwenye rangi ya ukuta. Mtafute mwalimu mkuu, msalimie, mweleze kwamba unatarajia kuhamia mtaa huo na ungependa kuifahamu shule. Walimu wakuu wengi hufurahi, maana mzazi anayekuja bila kuitwa ni adimu. Muulize darasa la kwanza lina watoto wangapi, mikondo mingapi na walimu wangapi. Miongozo ya serikali inataka wanafunzi wasiozidi 45 kwa mwalimu katika shule ya msingi na 25 katika darasa la awali. Inataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25. Katika shule nyingi za pembezoni utakuta hali iko mbali na viwango hivyo, na huenda watoto wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Usikimbilie kukasirika. Andika namba hizo, kisha uliza kama shule ina maji ya bomba au kisima, na kama watoto hupata chochote tumboni kabla ya saa saba.

Kisha omba jambo ambalo wazazi wachache huliomba, nalo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Omba kuona madaftari mawili matatu ya watoto wa darasa la pili au la tatu. Angalia kama yamesahihishwa, na lini. Daftari lenye vyema na makosa yaliyoandikiwa maelezo linakueleza kwamba mwalimu anamfikia kila mtoto, hata kama darasa limejaa. Daftari lenye kurasa nyingi ambazo kalamu nyekundu haijazigusa linakueleza jambo jingine. Kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa katika madarasa hayo ya mwanzo. Mtoto akiyapita bila kujua kusoma, kila somo linalofuata linakuwa mzigo juu ya mzigo.

Matokeo ya mitihani nayo yatazame. Baraza la Mitihani huyaweka kwenye tovuti yake shule kwa shule, na ukipitia miaka kadhaa utaona kama shule inapanda au inashuka. Ila usichague kiwanja kwa matokeo pekee. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na kwa maoni yangu lilitenda haki. Shule inayofanya usaili na kupokea waliofaulu haiwezi kupimwa kwa mizani ileile na shule inayompokea kila mtoto wa mtaa, yule aliyesoma chekechea na yule ambaye hajawahi kushika kalamu. Wastani wa alama hueleza kuhusu waliopokelewa kama unavyoeleza kuhusu walivyofundishwa. Mimi ningemwamini zaidi mwalimu mkuu anayeweza kukutajia watoto ambao bado hawajui kusoma na kukueleza anafanya nini juu yao.

Halafu tembea. Toka kwenye kiwanja mpaka shuleni kwa miguu, kwa mwendo wa mtoto, na ikiwezekana uende naye. Mpiji, Tegeta na Mzinga ni mito ambayo kiangazi huwezi kuitilia maanani, lakini mvua za Machi na Aprili huijaza na njia za mkato zikafungwa. Pia kuna barabara kubwa. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane, na shule ikiwa upande wa pili, kilomita moja ya kwenye ramani haina maana kwa mtoto asiyekuwa na mahali salama pa kuvukia. Hatari hii ina dawa na dawa yake imeshajaribiwa hapa hapa jijini. Shirika la Amend liliweka matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko kuzunguka shule kadhaa, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Matuta na vivuko hata mtaa wako unaweza kuvidai.

Usisahau sekondari. Mtoto anayemaliza shule ya msingi ya serikali kwa kawaida hupangiwa sekondari ya kutwa ya eneo lake, na sekondari za kata ziliongezeka zaidi ya mara tatu kati ya 2004 na 2009 kwa sababu ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Sasa kuna jambo ambalo kila mzazi anayenunua kiwanja leo anapaswa kulijua. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Uliza sekondari ya kata unayotaka kuhamia ina vyumba vingapi, na kama kuna ardhi ya kuongeza.

Labda baada ya kuyaona yote hayo utasema, "Shule ya huku imeelemewa, nitapeleka watoto mjini." Naelewa, na simlaumu mzazi anayelipa ada ya shule binafsi kwa kuwahangaikia wanawe. Hata hivyo nakuomba ufikiri mara mbili. Mtaa mpya hupokea watu wa kila aina: mwalimu, fundi, mhasibu, mama lishe, askari, muuguzi. Wale wenye uwezo kidogo wakiwapakia watoto wao kwenye basi kila alfajiri, shule ya mtaa haipotezi watoto tu. Inampoteza mhasibu ambaye angeisoma taarifa ya mapato na matumizi na kuuliza swali, inampoteza fundi ambaye angelitazama paa kabla halijaanza kuvuja, inampoteza muuguzi ambaye angezungumza na wasichana wa darasa la sita kuhusu hedhi. Wanaobaki ni wazazi wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta riziki na hawana nafasi ya kukaa kikaoni mchana. Shule inazidi kuchoka, na familia inayofuata ikija kutazama kiwanja inakuwa na sababu ile ile ya kuikimbia.

Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 iliondoa ada na michango ya lazima, na iliwaingiza shuleni watoto ambao wangebaki nyumbani. Nitaitetea siku zote. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Ni rahisi kuona kwa nini shule bado inahitaji watu wa mtaa wake. Kuanzia 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, mengi yake ya sekondari, na yanaonekana. Ila chumba cha darasa hakiwezi kufuatilia mtoto mtoro wala kuuliza kwa nini mwalimu wa hisabati aliyehama hajapata mrithi hadi leo. Kazi hiyo ni ya kamati ya shule, na kamati ya shule ina nafasi za wazazi. Katika mitaa mipya nafasi hizo mara nyingi hujazwa na yeyote aliyekubali kusimama.

Na wewe ambaye mtoto wako anasoma kwingine tayari, bado shule ya mtaa ni yako. Watoto wanaosoma pale ndio wanaocheza na wa kwako Jumapili, na ndio watakaokuwa majirani zako uzeeni. Nenda kikaoni.

Kwa mnaouza ardhi, na kwa kamati za urasimishaji zinazopima mitaa ambayo tayari imejengwa, nina neno pia. Mnapokaa na mpima kuchora ramani, msiridhike na barabara pekee. Shule haijengwi kwenye kipande cha hatua ishirini kwa ishirini, na ardhi ambayo haikutengwa leo mtaa utailipia mara kadhaa ya bei miaka mitano ijayo. Wanunuzi tukianza kuuliza "eneo la shule liko wapi kwenye ramani yenu?" kabla ya kuuliza bei, kampuni za viwanja zitaanza kuwa na jibu.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida hufunguliwa Oktoba kwa ajili ya Januari. Kama mnatafuta kiwanja au mnabadili nyumba ya kupanga mwaka huu, nendeni shuleni kabla ya mwezi huo, ili mwalimu mkuu ajue idadi ya watoto wanaokuja na aweze kuombea madawati na walimu mapema. Ulizeni kikao kijacho cha wazazi ni lini, mhudhurie hata kama nyumba yenu bado iko kwenye msingi. Mkiwa pale, ombeni suala la ardhi ya madarasa ya 2028 liwekwe kwenye ajenda, na jina la mmoja wenu liandikwe kwenye kamati itakayolifuatilia kwa mtendaji wa kata.