Mkazi wa Kisiwa Naye ni Mwananchi

Mkoa wetu wa Singida hauna bahari, wala haupakani na Ziwa Viktoria. Yawezekana basi msomaji wa Iramba, Ikungi au Manyoni akajiuliza mambo ya visiwani yanamhusu nini. Tunasema yanamhusu sana. Kijiji cha kisiwani kinaonyesha waziwazi yale ambayo vijiji vingi vya bara huyaficha: namna mtu anavyosafiri, namna anavyomiliki, na namna mambo hayo mawili yanavyokutana siku ya msiba.

Chukua mfano wa Ukara, katika Wilaya ya Ukerewe, Mkoa wa Mwanza. Ni kisiwa kidogo, kisichofika kilomita za mraba 100, kilichoko kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Ukerewe. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo walikwisha andika habari zake kwa mshangao, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno na ardhi ilikuwa haba mno, na bado watu walikula. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba na kuwakatia majani, wakakusanya samadi na kuirudisha shambani. Walipanda marejea kati ya uwele ili kuurudishia udongo rutuba yake. Kando ya ziwa walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo. Hata mti ulikuwa na mwenyewe. Mnyaturu, ambaye tangu zama za mababu amerutubisha shamba lake la uwele kwa samadi ya zizi, hatashindwa kuielewa akili hiyo.

Hata hivyo akili na bidii haviongezi ukubwa wa kisiwa. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata likabaki kipande ambacho mtu akilima jembe la mwisho anakuwa kwa jirani. Kwa sababu hiyo Wakara wengi walihama kwenda Ukerewe na nchi kavu. Waliobaki hawawezi kuishi bila chombo cha majini. Chumvi, sabuni, bati, daftari la mtoto, vyote huvuka maji. Mgonjwa mahututi anayehitaji hospitali kubwa naye huvuka maji.

Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018. Siku hiyo ilikuwa ya gulio huko Bugolora, upande wa Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora kuelekea Bwisya, kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, mahali ambapo ndugu waliokuwa wakingoja nchi kavu waliweza kuona kwa macho yao. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Msomaji atoe hesabu mwenyewe.

Taifa liliomboleza siku nne. Serikali ilichukua hatua dhidi ya waliohusika, na kivuko kipya kilijengwa kwa ajili ya njia hiyo. Yote hayo ni mema, nasi tunayapongeza. Lakini taifa hili lilikwisha kulia kabla ya hapo. Lililia tarehe 21 Mei 1996 kwa MV Bukoba, likalia Septemba 2011 kwa MV Spice Islander huko Zanzibar, na likalia tena Julai 2012 kwa MV Skagit. Machozi hayawezi kuwa ndiyo mpango wetu wa usalama.

Wako wanaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wakaidi, kwamba hupanda chombo kilichokwisha jaa. Maneno hayo yana ukweli kidogo na dhuluma nyingi. Mama aliyeuza mihogo yake gulioni, aliyeacha watoto ng'ambo na asiye na pa kulala, hana uchaguzi wa kweli ikiwa safari ni chache. Msongamano ndani ya chombo huanzia kwenye ratiba. Siku ya gulio inajulikana wiki nzima kabla haijafika, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutoongeza safari siku hiyo. Anayesimamia gati awe na amri ya kuzuia chombo kisiondoke, na asiogope mkubwa yeyote.

Liko jambo la pili ambalo halisemwi sana. Katika ajali ya MV Nyerere idadi ya waliopanda haikujulikana kwa hakika hata chombo kilipokwisha zama. Abiria ambaye jina lake halikuandikwa akipotea majini, hupotea pia katika karatasi. Mjane atathibitishaje kifo? Bila cheti cha kifo, mahakama ya mwanzo haitateua msimamizi wa mirathi kwa urahisi. Bila msimamizi, shamba, nyumba, mtumbwi na nyavu hukaa bila mwenyewe anayetambuliwa, na mara nyingi mwenye nguvu katika ukoo ndiye huvichukua. Orodha ya abiria, ambayo wengi huiona kuwa usumbufu wa makarani, ndiyo mlango wa haki ya yatima.

Sheria za ardhi si adui wa mjane huyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na imeruhusu kutolewa kwa hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyo inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikwisha amua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilipingana na Katiba. Na bado Tangazo la Sheria za Mila la 1963, linalomweka binti nyuma ya kaka zake katika urithi wa ardhi, linaendelea kutumika. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilishauri Tanzania irekebishe kanuni hizo, kufuatia malalamiko ya wajane wawili. Bunge lisilifumbie macho jambo hili.

Aidha, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shabaha yake ni njema, kwani ziwa likifa wote tutakufa njaa. Lakini katika kisiwa kidogo mita 60 ni urithi wa familia nzima. Sheria hiyo itekelezwe kwa kukaa na wanakijiji katika mkutano mkuu wa kijiji, si kwa kuwatangazia.

Nasi wa Singida tusijione kuwa mbali. Watu wa Mkalama wanaukumbuka Mto Sibiti kabla ya daraja, jinsi mvua za masika zilivyoweza kumtenga mtu na Meatu kana kwamba yuko kisiwani. Wavuvi wetu wa Kitangiri na Singidani hupanda mitumbwi kila siku. Na wajane wetu, ambao waume zao hufa barabarani na machimboni, hukabiliana na kikao kilekile cha ukoo.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vijiji vya mkoa huu wasingoje msiba. Mashamba yapimwe, hati za kimila zitolewe, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Wavuvi wetu wapatiwe maboya ya kujiokolea na wahimizwe kuyavaa. Nao wenye mamlaka juu ya vivuko wahesabu watu kabla chombo hakijang'oa nanga, maana kuwahesabu ufukweni wakiwa maiti hakumfai mtu yeyote.