Kuondosha Udhia Njiani mwa Wazee Wetu



Wazee wetu aghalabu hawaanguki mbele za watu. Huanguka kabla ya alfajiri wakienda kutawadha, au usiku wakielekea chooni, au adhuhuri wakati nyumba imebaki na mtoto mdogo tu. Jioni tukiuliza mbona wanachechemea, hujibu, "Si kitu, niliteleza kidogo." Nasi huitikia, "Pole, ndio uzee huo," kisha mazungumzo yakageukia jambo jingine. Wiki hii twaomba tulitazame upya neno hilo, "ndio uzee", kwa kuwa twaona limefunika mengi yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Wengi wetu wa mwambao tuna jamaa Nairobi, na baadhi yao wako Kibera, mtaa ulioanza kwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao hadi leo una misikiti, madrasa na wazee waliozaliwa papo hapo. Tuchukue kitongoji kimoja cha Kibera, Laini Saba. Vyumba ni vya udongo na mabati, vimebanana. Vichochoro vyapanda na kushuka, na maji machafu hupita katikati. Choo kwa wengi si cha nyumbani. Ni cha kushirikiana na majirani au cha kulipia, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Maji hubebwa kwa mitungi ya lita 20. Masika yakifika, udongo hugeuka utelezi, na mawe ya kukanyagia hulegea.

Sasa mfikirieni bibi wa miaka 70 na kitu, katika kichochoro hicho, saa kumi za usiku. Ana mtoto wa jicho, hivyo haoni ukingo wa mtaro. Anatumia dawa ya presha, na huhisi kizunguzungu ainukapo kwa ghafla. Ndara zake zimelika soli, na kanga aliyojifunga yaburura chini. Taa ya njia haiwaki. Akianguka, tutasema ni uzee. Lakini hapo pana mambo matano au sita, na kila moja lina mwenyewe: taa na mtaro ni vya serikali ya kaunti, ngazi ya mlangoni ni ya mwenye nyumba, dawa ni ya daktari, macho ni ya kliniki, ndara na kanga ni za sisi watoto wake. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna aliyemshika bibi mzima mzima.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba waliozidi miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Asiyekufa aweza kuvunjika nyonga. Hata asiyevunjika kitu huingiwa na hofu. Hofu humfungia ndani, kukaa ndani hudhoofisha miguu, na miguu dhaifu humwangusha tena. Aghalabu ni binti au mkaza mwana anayeacha kibarua chake ili amwuguze, na hapo nyumba nzima hupoteza mkate.

Wazee nao huficha. Huogopa kuonekana mzigo, au kupelekwa kuishi kwa mtoto aliye mbali, au kukatazwa kwenda msikitini na sokoni. Kwa hiyo tusiulize kwa ukali. Tuseme kwa upole, "Mama, tangu mwezi wa Ramadhani umewahi kuteleza?" kisha tunyamaze tusikilize. Akijibu ndiyo, tusimfungie. Tutafute kilichomtelezesha.

Katika nchi nyingine mambo haya yamefanyiwa kazi kwa pamoja. Huko Marekani majimbo mengi yameunda miungano inayokutanisha madaktari, wafamasia, wazima moto, mafundi wa nyumba na wazee wenyewe, kusudi kila mwenye kipande akutane na mwenzake. Sisi hatuna sababu ya kungoja. Kenya ina vifaa vyake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya serikali. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na kipimo cha presha na cha sukari. Vyama vya akina mama vipo katika kila mtaa, na misikiti ipo.

Twapendekeza basi muungano wa kaunti nzima ya Nairobi, lakini uanzie chini, kichochoro kimoja cha Laini Saba. Chama cha akina mama kiandike mahali ambapo wazee wameanguka: mtaro upi, ngazi ipi, mfereji upi. Mhamasishaji wa afya aongeze swali moja katika ziara zake, "Nani ameanguka?", na awapeleke wenye kizunguzungu na wenye mtoto wa jicho kliniki. Imamu alitaje jambo hili katika hotuba. Vijana wa madrasa wafunike mashimo na kuimarisha mawe. Kisha orodha hiyo ya maandishi ipelekwe kwa mwenye nyumba, kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa. Orodha ya kitongoji, ikiungwa mkono na vitongoji jirani na kisha na Kawangware na mitaa mingine, haipuuziki kwa urahisi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondosha chenye kuudhi njiani ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Wapo watakaosema kuanguka ni kadari. Ni kweli hakuna linalotokea ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini yeye Mtume ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Na kwa kuwa hisani huanza nyumbani, tuanze usiku wa leo. Taa ndogo iwe karibu na kitanda. Ncha za mkeka na zulia zibanwe. Pindo la kanga na la buibui lipunguzwe lisiguse ardhi. Mzee akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Akihisi kizunguzungu, dawa zake zote zipelekwe kwa daktari zitazamwe. Asiziache kwa rai yake. Kila siku ainuke kitini mara kadhaa huku ameshika meza, maana miguu yenye nguvu ndiyo kinga kubwa. Asiyeweza kusimama katika sala, sheria imemruhusu kukaa. Tusimwache asimame kwa haya. Na akianguka, tusimvute kwa pupa wala tusikimbilie kumkanda: akishindwa kukanyaga, au akiwa amegonga kichwa, ni hospitali.

Sisi wa mwambao nasi tusijione salama. Nyumba zetu za kale zina ngazi nyembamba, zenye vidato virefu, zisizo na pa kushika. Na ni misikiti mingapi ambayo mahali pake pa kutawadha pana vigae vinavyoteleza kama sabuni? Upau mmoja wa chuma ukutani na kigoda cha kukalia ni sadaka ndogo, ambayo thawabu yake yaendelea kila mzee anapotawadha akarudi kwake salama.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atujaalie tuwe mkono wanaoushika. Wabillahi tawfiq.