Kabla ya kulipa garanti, uliza kinga itapita wapi



Juma lililopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja wa kikundi alibaki nyuma kunisaidia kupanga viti. Nikaona ana neno. Mume wake amepata kazi mpya, na patroni amemwachia achague mji: Uvira, Kisangani ao Lubumbashi. Nyumbani wanazungumza kila usiku. Mume anapima mshahara na bei ya nyumba. Mkwe anauliza kama kutakuwa ndugu karibu. Yeye akaniambia: «Mama, miye niko nauliza kitu kimoya tu. Kule, batoto bataweza kuenda ku masomo na kinga? Lakini naogopa kusema, batanicheka.»

Sikumcheka. Nimeona niwaandikie nyote, kwa sababu wengi kati yetu tumehama ao tutahama, na swali la kinga tunalikumbuka tukiwa tumekwisha kulipa.

Tuhesabu kidogo. Tuseme moto ni franka 1000 kwenda na 1000 kurudi. Watoto wawili, siku 22 za masomo kwa mwezi: ni franka 88 000. Kwa mama anayeuza unga wa muhogo, hiyo inaweza kumeza faida yote. Basi watoto wanatembea. Mtu anayetembea anafanya kilometa 4 ao 5 kwa saa. Mwenye kinga, kwenye njia tambarare na bila haraka, anafanya 12 ao zaidi. Masomo yakiwa kilometa 4 kutoka nyumbani, mtoto wa miguu anatumia karibu saa nzima; mwenye kinga, dakika 20. Kwa msichana wa miaka 13, tofauti hiyo ni kufika nyumbani mwanga ukiwepo ao kufika giza limeingia. Wamama, mnajua ninachosema.

Sasa tuangalie miji yetu, mmoja mmoja.

Bukavu tunaijua. Ni mji mzuri wa macho, lakini ni wa milima. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya bahari, na kutoka hapo karibu kila kitu kinapanda. Anayeshuka na kinga kutoka Kadutu hadi Ibanda anahitaji freni nzuri na maombi, kurudi, anaisukuma. Njia ni nyembamba, magari na moto vinabanana, na mvua inakata ardhi. Ndiyo maana huku kinga ni chache, na mtu asiseme ni uvivu.

Goma ina shida nyingine: mawe. Mji uko chini ya Nyiragongo, na moto wa mlima ulioshuka Januari 2002 ulifunika sehemu ya katikati ya mji. Kwenye avenyu nyingi unatembea juu ya mawe meusi yanayokata mipira ya kinga kama kisu. Watu wa huko walijipatia jibu lao, chukudu ya mbao, inayoshusha viazi, mboga na makala kutoka vijiji vya juu. Wameisimamishia hata sanamu katikati ya mji. Lakini chukudu ni chombo cha kubeba mizigo; mtoto wa masomo haendi nayo.

Uvira ni tambarare. Mji umelala kama kamba kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na ukienda kaskazini unaingia bonde la Ruzizi ambako kinga ni kama miguu ya pili. Mtu anatoka Kavimvira mpaka Kalundu bila kupanda mlima. Ubaya ni mbili. Kwanza, kwa kuwa mji ni mwembamba, kila mtu yuko kwenye njia ileile kubwa: malori, moto, mbuzi, na mtoto wako. Pili, maji. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Watu wengi walikufa na nyumba maelfu zilibomoka. Ziwa nalo limepanda na kula avenyu za pembeni. Kwa hiyo Uvira usiulize tu «ni tambarare?», uliza pia «kati ya nyumba na masomo kuna mto gani, na daraja lake likoje?»

Kisangani ndiyo mji wa kinga wa nchi yetu, hilo hakuna anayebisha. Mji uko chini, karibu mita 400 tu juu ya bahari, avenyu ni pana na zimenyooka. Wakati wa vita, esansi ilipokosekana na magari yakasimama, vijana walifunga viti vya sponji nyuma ya kinga na kubeba abiria. Wakaziita toleka, yaani «tupite» kwa Kilingala. Hata mgonjwa alifika hopitali kwa toleka, hata bibi arusi. Leo moto zimechukua abiria wengi, lakini kumebaki kitu cha maana: macho ya watu yamezoea kinga, na mafundi wanajua kazi yao. Angalia jambo moja. Komini ya Lubunga iko ng'ambo ya mto, ya nyingine tano ziko upande huu. Ukikaa Lubunga na masomo yako Makiso, kila siku kuna mtumbwi katikati, na kinga haiogelei.

Lubumbashi pia ni tambarare kiasi, na avenyu za katikati ni pana. Utaona wanaume wanaoleta makala kutoka porini, mifuko imepangwa juu ya kinga mpaka kichwa cha mwenyewe hakionekani. Kama wao wanafika, wewe na kikapu chako utafika. Lakini njia kubwa zinazotoka mjini, ile ya kwenda mpaka wa Zambia na ile ya Likasi, zina malori ya shaba mchana na usiku. Mtoto asipite hapo na kinga. Na kuna majira: kiangazi ni vumbi, na kuanzia Novemba mpaka mwezi wa tatu ao wa nne ni mvua.

Hapo kwenye mvua, niruhusuni niseme kosa langu. Zamani tulipokaa Lubumbashi, nilichagua nyumba mwezi wa saba. Bei ilikuwa nzuri, avenyu ilikuwa kavu na laini kama mkeka. Nikalipa garanti ya miezi 6 nikifurahi. Mvua ilipoanza, avenyu ikawa mto wa matope. Kinga yangu ilisimama ukutani kutoka Novemba mpaka Aprili, na mimi nikawa nalipa moto kwa pesa niliyodhani nimeiokoa kwenye nyumba. Tangu siku ile siamini avenyu ya kiangazi.

Kwa hiyo mji peke yake si jibu. Ndani ya mji mzuri kuna kartie mbaya, na ndani ya mji mgumu unaweza kupata nyumba ambayo masomo, soko na hopitali viko kwenye usawa mmoja. Hivi ndivyo vya kuangalia kabla ya kulipa.

Usalama kwanza. Mahali risasi zinalia, ao mahali wasichana wanasumbuliwa njiani, tambarare haisaidii kitu. Uliza wamama wa hapo, usiulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba anatafuta mpangaji.

Mlima. Kipimo changu ni bidoni ya litre 20. Jiulize: ningeweza kubeba bidoni hiyo ikijaa, kutoka sokoni mpaka nyumbani, bila kupumzika zaidi ya mara moja? Kama ndiyo, kinga yenye mzigo itapita. Kama hapana, utaisukuma kila siku na mwisho utaiuza.

Mvua. Kama unaweza, tembelea nyumba siku mvua imetoka kunyesha. Kama huwezi, angalia kuta za nyumba za jirani: alama ya matope inaonyesha maji yalifika wapi.

Njia ya pili. Gudroni ni nzuri kwa magurudumu, lakini ndiyo inaleta malori na moto za mbio. Tafuta kama kuna avenyu ya nyuma, hata ya udongo, ambayo mtoto anaweza kufuata mpaka masomo bila kuingia njia kubwa. Kama lazima avuke njia kubwa, avuke mara moja tu, na mahali anapoonekana.

Fundi. Hesabu mafundi wa kinga kati ya nyumba na soko. Mahali penye pompi chini ya mwembe na mtu anayeziba mipira, ujue kinga zinaishi hapo. Mahali hakuna hata mmoja, uliza kwa nini.

Pa kulaza kinga. Parsela ina mlango unaofungwa? Kinga iliyolala nje ni ya mwizi. Na kwenye masomo, mkuu anakubali watoto waweke kinga ndani ya ukuta?

Najua wengine watasema: kinga si ya mwanamke. Nimesikia hayo kwa wanaume na, tuseme ukweli, zaidi kwa sisi wamama wenyewe. Mama akibeba kilo 40 za makala mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, hakuna anayesema si ya mwanamke. Akiweka kilo hizo hizo juu ya kinga, watu wanageuka kutazama. Tujiulize ni lipi la aibu. Kama ni kikwembe, kuna dawa: vaa pantalo ndani, funga kikwembe juu kidogo, kifiche upande usio na mnyororo, na tafuta kinga isiyo na chuma cha juu.

Na mwanamke ana sauti kwenye nyumba pia. Sheria ya familia ya nchi yetu ilirekebishwa mwaka 2016, na ile ruhusa ya mume ambayo mwanamke aliyeolewa alihitaji zamani kwa mikataba iliondolewa. Siwaambii mkagombane na waume zenu. Nawaambia mkae mezani pamoja, na swali lenu la njia ya watoto liwe mezani sawa na swali lake la mshahara.

Neno la mwisho, kutoka mbali. Leo watu wakitaja nchi ya kinga wanasema Uholanzi, na wengi wanadhani ilizaliwa hivyo. Sivyo. Miaka ya 1950 na 1960 walijaza miji yao magari. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa njiani katika nchi ile ndogo. Mwandishi wa gazeti aliyefiwa na binti yake aliandika makala kwa uchungu, na kutoka hapo likazaliwa kundi lililoitwa Stop de Kindermoord, yaani «Komesheni kuua watoto». Wamama na baba walikaa barabarani na kinga zao, wakafunga avenyu ili watoto wacheze, wakaenda kwa wakubwa na ramani mkononi wakionyesha mahali pabaya. Iliwachukua miaka, lakini njia za kinga zikajengwa. Nchi yao ni tambarare, ni kweli. Lakini ilikuwa tambarare pia mwaka ule watoto walipokufa.

Ndiyo maana nasema mji wa kinga unachaguliwa, na pia unatengenezwa. Kwetu hatuna pesa ya Uholanzi. Lakini kuziba shimo moja mbele ya masomo, kuweka mbao mbili juu ya mtaro, kuomba moto zipunguze mbio saa moja asubuhi na saa sita mchana, hayo kartie inaweza.

Basi kazi ya juma hili, kwa kila kikundi: siku ya posho, wamama watatu watembee njia ya watoto kutoka nyumbani mpaka masomo. Andikeni mahali patatu pabaya kuliko pote. Mpelekee chefu wa kartie karatasi hiyo, na mwende wengi. Mkutano ujao kila kikundi kitatuambia alijibu nini.

Na yule mama wetu? Alinipigia simu siku ya yenga. Alimsomea mume wake hesabu ya moto, franka 88 000 kwa mwezi, na mume akanyamaza kidogo, kisha akachukua karatasi akaanza kuhesabu mwenyewe. Sasa wameandika kwa jamaa wa Kisangani kuuliza ofisi iko upande gani wa mto, na masomo gani yako karibu. Hawajachagua bado. Lakini swali limefika mezani, na hakuna aliyemcheka.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.